Nichukue STI au Evo? Baba alikuwa mtu wa Lancer

Shikamoo Mjomba,

Nina miaka 29, naishi Arusha, ni mhasibu kwenye kampuni ya utalii. Leseni ninayo mwaka wa nne sasa, ila sijawahi kumiliki gari. Ninachoendesha ni Noah ya ofisi, tena mpaka nitumwe. Tangu nianze kazi nimekuwa nikiweka akiba kwa ajili ya jambo moja tu, na leo nina shilingi milioni 52. Sina mkopo, sijaoa, naishi na mama.

Gari ninazozitaka ni mbili na zote nimeshakwenda kuziona. Ya kwanza ni Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2008, ile fupi ya nyuma, nyeupe, gia sita za mkono. Iko Moshi kwa jamaa anayesema yeye ni mmiliki wa pili hapa nchini, na kilomita zinasoma 74,000. Anataka milioni 42. Nilipofika aliniambia ameshaipasha moto ili nisipoteze muda. Akaiwasha. Mjomba, ule mlio wa Subaru, ule wa kugonga kama ngoma, nilisisimka mwili mzima.

Ya pili ni Mitsubishi Lancer Evolution X ya mwaka 2009, rangi ya kijivu, ile isiyo na pedali ya klachi. Iko kwenye yadi Dar es Salaam. Ni milioni 50 na wamesema haipungui. Ndani ni safi sana. Kwenye dashibodi yalitokea maandishi ya S-AWC, muuzaji akaniambia ni sensa tu, fundi anayafuta. Kwenye foleni ya Mwenge ilisitasita kidogo kila ilipotaka kuingia gia ya pili, lakini tulipopata barabara ya wazi ilinigandisha kwenye kiti.

Baba yangu alifariki 2019. Alikuwa mtu wa Lancer. Nilikua nikisikia habari za Joginder Singh, yule dereva wa Kenya, na mashindano ya magari ya Safari Rally kana kwamba ni ndugu yetu wa ukoo. Nilipokaa kwenye ile Evo nilihisi kama namtimizia jambo. Mama yeye anasema ninunue IST, pesa nyingine niiweke kwenye kiwanja. Wenzangu kazini wanasema Subaru, kwa kuwa Arusha haikosi mafundi wake. Nimesoma mpaka nimechoka: nguvu ni zile zile, zote zinavuta magurudumu manne, bei ndiyo hizo. Niambie, nichukue ipi?

Kijana wa Njiro

*

Marahaba, mjomba wangu. Pole sana kwa baba. Nitarudi kwake baadaye, kwa sababu naona ameshika nusu ya usukani wa uamuzi huu.

Nikupe jibu kwanza ili usome ukiwa umetulia. Hiyo Evo ya Dar iache. Hiyo STI ya Moshi usiilipie hata shilingi ya kishika nafasi mpaka uirudie kwa namna nitakayokueleza. Ikifaulu, chukua. Isipofaulu, panda basi urudi Arusha na pesa yako yote.

Ni kweli kwamba kwenye karatasi hizi gari ni mapacha. STI ya soko la Japani ya mwaka 2008 inatoa nguvu za farasi 308 kwenye injini ya cc 1994. Evo X ya 2009 inatoa 300 kwenye cc 1998. Nguvu ya kusokota ni Nm 422 kwa zote mbili. Hata tairi mara nyingi ni saizi moja, 245/40 za rimu 18, na breki ni za kampuni moja, Brembo. Evolution ya kwanza ilitoka 1992, STI ikafuata 1994, na tangu hapo viwanda viwili vilikuwa vinachungana: huyu akiongeza kitu, yule hakosi kujibu. Ndiyo maana kusoma kumekuchosha. Unatafuta tofauti mahali ambapo watu walikesha kuhakikisha haipo. Tofauti iko kwenye gari mbili ulizozishika kwa mkono wako, na barua yako imeshaitaja bila wewe kujua.

Tuanze na Dar. S-AWC ndio mfumo unaogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, na kati ya gurudumu la nyuma la kulia na la kushoto. Ndio unaoifanya Evo iingie kona kama imeshikwa mkono. Unafanya kazi kwa presha ya mafuta inayotoka kwenye pampu ya umeme, na pampu hiyo imefungwa nyuma, karibu na gurudumu, mahali panaporushiwa maji na tope. Gari ikishakuwa na umri huo, kutu huingia, pampu huchoka, na maandishi uliyoyaona ndiyo huanza kutokea. Inawezekana kweli ikawa sensa. Lakini jiulize: mtu anauza gari ya milioni 50, anajua kuna maandishi yanayomtisha mnunuzi, anajua fundi anayafuta, na bado ameyaacha? Mimi naamini yamefutwa zaidi ya mara moja na yamerudi.

Halafu kule kusitasita kwenye foleni. Gia boksi ya Evo hiyo inaitwa TC-SST. Ina klachi mbili ndani, moja ya gia witiri na nyingine ya gia shufwa, na kompyuta ndiyo inayozibana na kuziachia. Ikiwa nzima inabadilisha gia haraka kuliko mguu wa binadamu yeyote. Inataka oili yake maalumu, si ile ya kawaida ya otomatiki, inataka filta yake ibadilishwe, na ukishaigusa inataka mashine ya kupimia ya Mitsubishi ili klachi zifundishwe upya mahali pa kushikia. Mwendo wa kukwama na kusogea, kama ule wa Mwenge, ndio unaozichosha kuliko barabara kuu. Ulichokisikia kuelekea gia ya pili kinaweza kuwa oili iliyozeeka, kinaweza kuwa klachi zilizoisha, na mimi na wewe hatuwezi kujua kwa kuitazama. Ukishalipa milioni 50 unabaki na mbili. Kwa milioni mbili huwezi kukaribisha nyumbani pampu ya kuchunguzwa na gia boksi ya kuchunguzwa kwa pamoja.

Sitaki uniweke kwenye kundi la watu wanaoisema Evo vibaya, kwa sababu naipenda kwa moyo. Injini yake ya 4B11 inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, na usukani wake una majibu ambayo Subaru haijawahi kuyafikia. Kama ungekuwa na gari nyingine ya kwendea kazini, na unamjua fundi mwenye mashine, na umepata Evo yenye gia tano za mkono isiyo na maandishi kwenye dashibodi, ningekusukuma huko bila kusita. Hapo baba yako angeniunga mkono. Lakini hiyo siyo gari uliyoiandikia barua. (Na ujue kwamba buti yake ni ndogo kwa sababu betri imehamishiwa huko nyuma, na tanki ni lita 55, kwa hiyo kituo cha mafuta mtazoeana haraka.)

Sasa twende Moshi, na hapa soma polepole.

Jamaa aliipasha moto kabla hujafika. Huenda ni mkarimu, simjui. Ila injini ya Subaru ya aina hii huficha maradhi yake ikiwa ya moto na huyatoa ikiwa ya baridi. Pistoni zilizolegea hugonga dakika za kwanza, kisha chuma kikipanuka sauti inapotea. Moshi wa bluu hutoka kwenye eksozi mara ya kwanza asubuhi, baada ya hapo huoni kitu. Mtu akikuonyesha STI ya moto amekuonyesha nusu ya gari. Kwa hiyo utarudi, na safari hii utaikuta baridi.

La pili ni ule mlio uliokusisimua. Nasikitika kukugusa hapo, maana najua ndipo moyo ulipo. Ule mdundo wa ngoma hutokea pale mabomba yanayotoa moshi kwenye injini yanapokuwa na urefu usiolingana. STI za soko la Japani za miaka hiyo, zenye gia sita za mkono na injini ya EJ20, zilitoka kiwandani na mabomba yenye urefu unaolingana kwa ajili ya tabo yake, yaani ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini. Mlio wake wa asili ni laini, hauna mdundo ule. Kama hii ya Moshi inapiga ngoma, basi kuna mtu alifungua manifodi ya eksozi na kuweka nyingine. Si dhambi. Ila aliyefika hapo mara nyingi haishii hapo. Muulize: tabo ni ya asili? Programu ya kompyuta ya injini imeguswa? Nani aliifanya, na karatasi iko wapi?

Nakusisitizia hili kwa sababu ya mafuta yetu. Hizi injini zilipangwa kwa petroli ya okteni kubwa ya Japani, ambayo huwa karibu 100. Okteni ni kipimo cha petroli kustahimili bila kulipuka kabla ya wakati. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki huko. Gari ikiwa ya kiwandani, sensa husikia mafuta yakilipuka kabla ya wakati, kompyuta inarudisha taimingi nyuma, unapoteza nguvu kidogo na injini inapona. Lakini ikiwa kuna mtu amepandisha presha ya tabo kwa programu iliyotengenezewa mafuta ya wenzetu, kisha akajaza ya hapa, kinachovunjika ni ule ukuta mwembamba wa pistoni kati ya ringi na ringi. Gari itaendelea kutembea. Itakula oili, itapoteza kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa, kwenye silinda moja, na siku moja utaambiwa injini inataka kufunguliwa.

La tatu ni dogo ila wengi wameumia. Tazama namba ya chesisi kwenye kadi ya gari na kwenye bati la gari lenyewe. STI ya kweli ya umbo hilo inaanza na herufi GRB. Ukikuta GH8, hiyo ni Impreza S-GT iliyovalishwa nembo na mapambo mengine. Ni gari nzuri, ina tabo pia, lakini nguvu zake ni 250, na si ya milioni 42. Umesema gia ni sita, na hilo linanipa matumaini, kwa kuwa S-GT ya mkono ina tano. Hata hivyo, hesabu kwa macho yako.

Ukiwa na namba ya chesisi mkononi, tafuta pia karatasi ya mnada ya Japani. Wapo mawakala wanaokupatia kwa malipo madogo. Humo utakuta kilomita zilizosomwa siku gari inauzwa kule na alama yake. Ukiona herufi R au RA badala ya namba kama 4 au 3.5, gari iliwahi kupata ajali ikatengenezwa. Ukiona kilomita za mnadani ni 110,000 na leo zinasoma 74,000, usibishane na mtu. Shukuru, ondoka.

Kisha kompresheni. Lipia fundi wako mwenyewe kutoka Arusha aende nawe, mlipe siku yake na chakula chake. Apime silinda zote nne injini ikiwa imepata joto, baada ya kuwa mmeshaisikiliza ikiwa baridi. Plagi za injini hii zimelala ubavuni, kuzitoa ni kazi ya jasho, kwa hiyo fundi wa kuokota njiani atakwambia haina haja. Ina haja. Silinda moja ikiachana sana na wenzake, mazungumzo yamekwisha. Muuzaji akikataa kupimwa, yamekwisha pia.

Tuseme imefaulu yote. Milioni 42 hiyo itashuka, maana manifodi iliyobadilishwa ni hoja yako ya kupunguziwa. Hata isiposhuka, unabaki na milioni 10, na hapo ndipo STI inaposhinda kwako wewe, mhasibu unayenunua gari ya kwanza. Pesa hiyo usiiguse kwa rimu wala redio. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kwenye kilomita 100,000, lakini kwa kuwa hujui historia, ubadilishe wiki ya kwanza pamoja na pampu ya maji na vibana mkanda. Plagi mpya. Oili ya injini, ya gia boksi na ya difu. Tazama tarehe ya kutengenezwa kwa tairi, siyo unene wa meno peke yake. Kata bima kubwa, usikubali kushawishiwa na bima ndogo kwenye gari ya thamani hii. Baki iliyosalia iweke benki kwa jina la gari. Mjini utapata kilomita sita mpaka nane kwa lita, na pedi za Brembo si bei ya pedi za Noah.

Wenzako wa kazini wamesema kweli kuhusu mafundi. Familia ya injini za EJ imo ndani ya Forester, Impreza na Legacy nyingi zinazopita hapo Arusha kila siku, na fundi aliyezoea ndugu zake haanzi kujifunzia kwako.

Kitu kimoja nakuomba kama mwanangu: oili. Injini ya Subaru imelala, ina tabo, na inakunywa oili hata ikiwa nzima. Kagua kijiti kila unapojaza mafuta mara mbili. Namkumbuka kijana mmoja aliyekuwa anasubiri taa ya oili iwake ndipo aongeze. Ile taa inaonya kuhusu presha, na presha ikishaondoka beringi za krenki zimeshakula chuma. Ilinoki karibu na Usa River jioni ya Jumapili, akiwa na mchumba wake ndani. Nilikwenda kumvuta. Hakuwa mzembe, hakuna aliyewahi kumwambia, na ndiyo sababu mimi nakwambia wewe.

Na kuendesha. Umetoka kwenye Noah. Gari hii itafika spidi 100 kabla hujamaliza kufikiri, na barabara ya Arusha kwenda Moshi ina matuta, bodaboda, watoto wa shule na trafiki wenye tochi kwenye kila eneo la spidi 50. Karibu na lever ya gia kuna kitufe cha mviringo cha SI-Drive chenye herufi. Kiweke kwenye I kwa miezi mitatu ya mwanzo. Injini inakuwa ya upole, mafuta yanapungua, na mguu wako unajifunza. Udhibiti wa kuteleza usiuzime hata siku moja kwenye barabara ya watu.

Mama yako naye hajakosea. Anayemlea kijana peke yake tangu 2019 ana haki ya kuogopa gari yenye nguvu 308. Usimpelekee ubishi. Mpelekee hesabu ya maandishi, kama unavyompelekea bosi wako: bei, matengenezo, bima, mafuta ya mwezi, na akiba itakayobaki. Ukiona mafuta peke yake yanakula kiasi ambacho ungeweka kwenye kiwanja, kaa nalo siku mbili tatu kabla hujakwenda Moshi. Kununua IST mwaka huu na STI baada ya kiwanja si aibu hata kidogo, na nisingekuwa mkweli kama nisingeliandika.

Sasa baba. Joginder Singh alishinda Safari kwa Mitsubishi mwaka 1974 na 1976. Gari yake ilikuwa Lancer 1600 GSR, ndogo, inayosukuma magurudumu ya nyuma. Haina kitu kinachofanana na Evo X zaidi ya jina. Ila nakuomba ukumbuke miaka ambayo wewe ulikuwa mtoto. Mwaka 1996 Tommi Mäkinen alishinda Safari kwa Lancer. Mwaka 1997 Colin McRae akashinda kwa Subaru. Mwaka 1998 Richard Burns akashinda kwa Mitsubishi, na mwaka 2000 Burns huyo huyo akarudi Kenya na kushinda kwa Subaru. Mwaka 2001 Mäkinen akairudisha kwa Lancer. Kama baba yako alikuwa anaifuata Safari kama unavyosimulia, alikesha na gari hizi zote mbili, na bila shaka alimshangilia Burns mara zote mbili. Huwezi kumsaliti kwa kununua mojawapo. Ukinunua gari bovu kwa ajili ya jina lake, ikakulalia gereji miezi sita, utaishia kulikasirikia jina lenyewe, na hilo sitaki likupate.

Kwa hiyo fanya hivi. Mpigie jamaa wa Moshi Ijumaa jioni, kwa adabu, umwambie utafika kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi na unaomba asiiwashe kabla. Nenda na fundi wako. Mkifika, kabla ya maongezi marefu, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa baridi, chomoa kijiti cha oili utazame kiwango na rangi, kisha fundi asimame mbele na wewe usimame nyuma kwenye eksozi, ndipo umwambie awashe. Nyamazeni wote kwa dakika tatu.

Halafu niandikie. Nataka herufi tatu za mwanzo za chesisi, namba nne za kompresheni, na rangi ya moshi.

Mjomba wako